Mwiko wa Mkono wa Kushoto

Mmenifuata hadi mlangoni mkitaka habari za Mutisya, kana kwamba yeye hana mdomo. Si yuko hapo tu Kiganjo, kando ya barabara! Lakini mkimuuliza atawaambia ya miti, ya Nekesa atayaruka. Basi nitasema mimi jirani yake, na mtu asinikatize.

Mutisya ni Mkamba. Alikuja Thika kufanya kazi ya kiwanda, kiwanda kikamwachisha, akarudia tezo ya babake ya kuchongea miti. Kahawa ikingʼolewa kule Ruiru watu wajenge nyumba, yeye huenda kuomba visiki. Mti wa kahawa ni mgumu, hauachi harufu kwa chakula. Miaka arobaini amechonga miko kwa umbo moja: ubavu wa kushoto mwembamba, wa kukwangulia sufuria, na mpini wenye pembe nne. Ukisema neno juu ya mwiko wake, anakutazama kama umemtukana mamake.

Mwaka huu Nekesa, mpishi wa shule, aliteleza akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kikapona kimepinda. Mwalimu mkuu akampa hadi Jumatatu: asonge ugali wa watoto wote, na akishindwa ataitwa mpishi mwingine.

"Mzee, nichongee mwiko wa kushoto," Nekesa akamwambia Mutisya.

"Mwiko hauna kushoto, mama. Mti ni mti."

"Basi songa wewe tuone."

"Mimi? Nichonge, tena nisonge? Huko kwenu Bungoma wanaume husonga?"

"Kwetu wanaume hula tu. Kumbe hata huku." Akaenda zake mikono mitupu.

Idah, mkewe Mutisya, alikuwa hapo akichambua sukuma. "Baba Kyengo, umemfukuza mtu kwa kitu usichokijua. Tangu unioe, umesonga hata ugali wa paka?"

Hilo neno lilimkaa Mutisya kifuani. Jumamosi mchana akateleka maji mwenyewe, akashika mwiko kwa kushoto. Idah akavuta kigoda, akacheka hadi machozi. Unga ulishika madonge. Ubavu mwembamba ulikuwa upande usio na kazi. Pembe za mpini zikamla kiganja. Akahamia mkono wa kulia, pembe zikamla vilevile.

"Hizi pembe huuma hivi siku zote?"

"Miaka thelathini."

"Na hukusema?"

"Nilisema mwaka wa kwanza. Ukaniambia mti ni mti."

Aliyala yale madonge yote peke yake. Jumapili hakuonekana kanisani. Alikuwa akichonga mwiko mrefu wa sufuria kubwa, ubavu mwembamba akiuweka kulia, mpini akiuviringa kama yai.

Jumatatu asubuhi akaupeleka shuleni mwenyewe. Nekesa aliupokea bila salamu, akaanza. Mara mbili alisimama kupumzisha mkono, na Mutisya akasogea.

"Kaa hapo hapo, mzee."

Akakaa. Ugali ukaiva, ukaachana na sufuria. Mwalimu mkuu akamega, akatafuna, akasema tu watoto wapigiwe kengele. Nekesa yuko shule hiyo hadi leo.

Siku hizi Mutisya anaviringa mipini ya miko yote aliyokuwa ameipanga kuuza, na wa Idah ndio aliotangulia nao.

Sasa wewe uliyetaka habari, ingia jikoni leo. Shika mwiko wa yule anayekupikia, usonge hadi ugali uive. Kisha urudi hapa kwangu unionyeshe kiganja chako.