Mlima Unaofikika

Juzi binti wa kaka yangu, aliyekuja Tanga kwa likizo, alinisogezea simu yake usoni. "Shangazi, tazama matope yanavyomkaukia farasi miguuni!" Gemu lenyewe bado halijatoka. Kuna kipande cha video cha dakika mbili tu: mpanda farasi mwenye kofia pana, bonde, vumbi, mvua inayokuja kutoka mbali. Amekitazama mpaka amekihifadhi. Nikakiona kizuri, nikamrudishia simu. Kisha nikakumbuka, msomaji wangu, kwamba nyumbani kwetu Chumbageni tuliwahi kumngoja farasi kama huyo.

Nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu, fundi wa televisheni, ndiye pekee mtaani aliyekuwa na mashine ya gemu. Alikuwa ameagiza gemu jipya la makauboi kutoka Mombasa, nalo kila wiki likawa la kuja wiki ijayo. Sisi tulikuwa na picha moja tu iliyokatwa gazetini, kaka ameibandika ndani ya mlango wa kabati. Nyasi zake zilikuwa nyasi kweli, unaona hata zilikolala kwa upepo. Katika gemu tulizozijua, nyasi ilikuwa rangi ya kijani iliyotandazwa kama zulia.

"Na unakwenda popote," kaka alikuwa akisema. "Mlima ukiuona, unaufikia."

Bibi, aliyetulea, alicheka, miyaa ya kusukia mkeka ikiwa mapajani. "Milima ya Amani naiona tangu usichana wangu. Sijafika. Nyie mtafika kwa vidole?"

Kaka alikuwa aondoke Jumamosi kwenda shule ya bweni, bara. Nilikuwa nimemlazimisha aniahidi kwamba gemu tutaliona pamoja kabla hajaondoka. Siku zikapungua, mzigo wa jirani haujavuka mpaka wa Horohoro. Ijumaa alasiri, nyumba ikinukia mikate ya kumimina aliyopikiwa kaka ya njiani, jirani akaita kutoka ng'ambo ya ukuta: "Limefika!"

Lakini mimi nilikuwa na ukili wangu, utepe wa miyaa unaoshonewa mkeka. Kwa bibi, mtoto wa kike hakutoka alasiri kabla hajasuka pima moja ya ukili wa mkeka, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mikono ya bibi, si yangu. Nikaharakisha. Bibi akaupitisha vidoleni, akauinua kwenye mwanga. "Huu ukili au wavu wa dagaa?" Akaufumua wote.

Nilijua kaka atakwenda bila mimi. Badala yake akavua kanzu ya Ijumaa, akakaa chini, akachukua miyaa na kuanza nusu yake. Wanaume wa kwetu hawasuki ukili. Jirani, aliyechoka kutungoja, akachungulia ukutani.

"Jamani, njooni mwone! Msomi wetu anasuka mkeka! Umeposwa lini, mwali?"

"Dada yako ndiye aliyeniposa," kaka akajibu bila kuinua macho.

Nusu yake ilipinda kama njia ya mbuzi. Bibi aliitazama kwa muda, hakuifumua. "Magharibi isiwakute kwa watu," akasema.

Tulipata kama nusu saa. Jua la ndani ya televisheni lilikuwa likishuka sawa na letu. Manyoya ya farasi yalimeta, kila ukwato ukitimua vumbi lake. Jirani alitaka vita. "Piga risasi basi! Mnatalii?" Kaka hakupiga hata moja. Alimwelekeza farasi mlimani, tukashika pedi ya kuchezea kwa zamu, mlima ukakua, tukaanza kuyaona mawe yake moja moja. Adhana ikasikika. Kaka akaiweka pedi chini tukiwa nusu ya njia.

Asubuhi akapanda basi. Baadaye jirani aliniita mara nyingi, nikaenda mara moja. Nilifika kileleni peke yangu. Hapakuwa na kitu ila upepo uliochorwa vizuri.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, jirani amehama. Siku hizi gemu linajishusha lenyewe kwenye mashine, hakuna anayelingojea mpakani. Hilo silililii. Jana nilimpigia kaka nikamwambia kwamba binti yake anangoja farasi mwingine. Akacheka, akasema gemu la kwetu halikumbuki vizuri, milima ya gemu zote imemchanganyikia. Nikamwuliza kama anajua kuwa tangu Jumamosi ile hatujawahi kukaa nyumba moja zaidi ya wiki.

"Kumbe," akasema.

Huko kwake mtu akamwita, naye akaniaga.