Mchumba wangu alikuja kula kazini kwangu, akamwambia bosi wake hanijui

Admin, naomba unifichie jina, na hata mkoa ninaotoka usiutaje. Ndugu zangu wote wako humu na wanasoma kila kitu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, Mtanzania, naishi Darsait hapa Muscat, Oman, na wenzangu wawili. Ni mhudumu kwenye baa ya hoteli moja ndogo upande wa Khuwair. Najua kuna waliokunja sura waliposikia baa. Kunjeni tu. Mimi napeleka chakula mezani, nafuta meza, narudi kulala kwangu.

Wateja wetu wengi ni wale wale wa mtaani, na hawakubaliani hata siku moja. Huyu atakwambia samaki wa hapa hana mpinzani Muscat nzima, meza ya pili mwenzake anamrudisha samaki huyo huyo, eti hajaiva. Mmoja anasifia huduma mpaka unaona aibu, mwingine anauliza kama kuku wake tumemfuata Salalah, mwisho kabisa wa nchi. Kuna mzee mmoja anayejua Kiswahili, tumempa jina la Lawama, kwa siri, maana tangu aanze kuja hajawahi kusifia kitu. Nimezoea. Mteja akifoka nasema samahani, nikifika jikoni nacheka.

Nina mchumba, naye Mtanzania, anafanya kazi ofisini kwenye kampuni. Tulikutana kanisani. Baba yangu alipofariki nikashindwa kusafiri kumzika, ni yeye aliyekaa na mimi, akanipikia uji, akanibembeleza ninywe. Ndiyo maana nilimpenda, sikumpenda kwa ajili ya ofisi yake. Mahari imeshapokelewa nyumbani na mama ameshachagua vitambaa vya sare. Jambo moja tu alikuwa ananisisitizia: "Mpenzi, ukiulizwa sema uko mgahawani. Neno baa watu hawalielewi." Nikaona hilo dogo. Kazini kwangu alikuwa hajawahi kukanyaga.

Alhamisi moja jioni nikamwona anaingia na wenzake wa ofisini. Bosi wao mpya, Mkenya mpenda nyama choma, ndiye aliyewaleta. Jamani, moyo wangu ulifurahi! Nikaenda mezani na tabasamu langu lote. Macho yake yakanipita kama nimekuwa kiti. Nikajipa moyo kwamba ana aibu mbele ya bosi, nikapokea oda yao kama ya mteja yeyote.

Waliagiza mishikaki na kachumbari. Sasa mchumba wangu vitunguu vibichi vinamsumbua tumbo, akila hamalizi siku bila kulalamika. Nikawaambia wa jikoni sahani moja waitoe bila vitunguu, nikaiweka mbele yake kimya kimya. Nilifanya hivyo bila hata kufikiri, mnajua mtu ukishampenda.

Bosi wake akaona. Akacheka, "Ai, huyu dada amejuaje hukuli kitunguu? Kumbe hapa ni kwako?"

Meza nzima ikacheka. Mchumba wangu akasema, "Mimi? Huyu simjui." Halafu akanigeukia kwa sauti ya juu: "Dada, nani kakutuma unipangie chakula? Niletee vitunguu kama wenzangu. Na nyama yenyewe ngumu. Hebu niitie mudir, meneja wenu."

Mkono wangu ulioiweka ile sahani mbele yake ulikuwa umevaa pete yake ya uchumba.

Mudir akaja, akaniambia niombe radhi pale pale. Nikamgeukia mchumba wangu nikasema, "Samahani sana bosi, sitarudia." Hakuinua hata uso. Aliyenitetea ni Mzee Lawama, kutoka meza ya pembeni: "Nyama ya hapa ni ngumu kweli, nimewaambia siku zote. Lakini huyo binti mwacheni, hana kosa." Nikaleta vitunguu. Mchumba wangu akavila vyote huku nikimwona. Nilienda stoo nikalia mpaka mwenzangu akaja kunichukulia meza zangu.

Asubuhi mchumba wangu akapiga simu. Nikajua anaomba msamaha. Thubutu! Akaanza, "Nimeumwa tumbo kwa sababu yako. Ulitaka nini jana, watu wajue?"

Nikamuuliza, "Wajue nini? Kwamba una mchumba?"

Ndipo akanieleza kuwa ofisini ameshawaambia mchumba wake ni mwalimu, yuko Tanzania. Alilisema hilo kwa upole kabisa, kama mtu anayenionyesha alivyonisitiri. Akamalizia, "Vumilia kidogo. Tukioana utaacha hiyo kazi, na hakuna atakayejua."

Nikampigia mama nikilia. Mama akasema, "Mwanangu, wanaume wana aibu zao. Huyu hakupigi, halewi, kanisani yumo. Watu wameshakula pilau la mahari, mimi nitawaambia nini?" Namwelewa mama. Ni mjane, na hii harusi ndiyo furaha pekee aliyonayo tangu baba aondoke.

Msinishauri niombe, nimeomba. Nimejaribu kumchukia nikashindwa. Akinitumia ujumbe wa habari za asubuhi bado moyo unaruka, mjinga mimi.

Juzi tulikutana baada ya ibada. Nikamwambia, "Bosi wenu amepapenda pale, atawaleta tena. Siku hiyo akiuliza, utasema mimi ni nani?"

Akaanza kuchezea funguo zake. Nilikuwa namwomba Mungu moyoni amtie neno moja tu mdomoni. Halafu akanishika bega, akasema, "Si uwe unaniambia zamu zako? Siku tunayokuja, uombe ofu."

Ndugu zangu, hasa nyie mliowahi kukanwa na mtu mnayempenda, niambieni bila kunificha. Nisimame naye madhabahuni, au nivue hii pete nimrudishie, mama yangu alie?