Sharti la Shangazi wa Stoo

Hospitali nzima ilimwita Shangazi, kuanzia madaktari hadi wafagizi, na wengi hawakujua kwamba mwanamke yule anayegawa vipanya na kibodi stoo ndiye aliyewahi kuusimamia mtandao wote wa jengo lile. Alikuwa na meza ndogo, feni iliyonung'unika kutwa, na maboksi yaliyopangwa mpaka darini. Ukimpelekea kipanya kibovu alikutazama wewe kwanza, akakitazama kipanya, kisha akakurudia wewe, kana kwamba anapima nani kati yenu ameharibika zaidi. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Hakucheka kwa sababu stoo pale alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuajiriwa kuifanya: kumchukia mtu. Na aliifanya kwa bidii, kama alivyofanya kila kazi maishani mwake. Asubuhi akifungua kufuli aliianza, mchana akila chakula alichofunga nyumbani alikitafuna pamoja nayo.

Mtu mwenyewe alikuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta, ambaye kila mmoja alimwita Pasi kwa jinsi mashati yake yalivyonyooka. Pasi alikuja hospitalini akiwa mbichi kabisa, hajui hata kubana kichwa cha kebo. Shangazi akamfundisha. Akamkaribisha na nyumbani, na Jumapili akamtengea kiti mezani, kati ya mumewe na shemeji yake, naye akala akashiba kama mtoto wa nyumba ile.

Kisha ikaja siku Shangazi alipoomba ruhusa ampeleke mumewe kliniki ya macho. Alimwachia Pasi nywila yake, maana angemficha nini mtu anayekula kwake? Pasi akaingia kwenye seva kuu kujaribu jambo alilokuwa amelisoma: kuzifunga porti mbili za kadi ya mtandao, yaani matundu ya kuchomekea kebo, zifanye kazi kama moja, mambo yaende kasi. Kazi hiyo hufanywa kwenye draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi, na ni lazima upande wa pili, kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo zote, nao uambiwe kwamba porti mbili zimekuwa moja. Pasi hakuuambia upande wa pili. Data zikaanza kuzunguka na kurudi zilikotoka, zikajaana, na hospitali ikakwama yote, dirisha la dawa, maabara, mapokezi. Wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wakaguzi wakaja juu.

Kumbukumbu za seva zilisema aliyeingia ni Shangazi. Akajitetea kwamba alikuwa kliniki na mumewe. Akaambiwa mtu anaweza kuingia kutoka popote akiwa na simu tu. Akamgeukia Pasi mbele ya kikao kizima, akamtazama machoni, akingoja. Pasi akainama akatazama viatu vyake. Hivyo ndivyo Shangazi alivyohamishiwa stoo, na Pasi akakalia kiti chake.

Ungekuwa wewe ungesahau? Hata angetaka kusahau, nyumbani asingeachiwa. Shemeji yake, mtu wa mzaha usio na breki, kila alipomwona anasogelea ukutani kuwasha taa alipaza sauti: "Shemeji, taratibu na hiyo swichi, utatuzimia mtaa mzima!" Watoto walikufa kwa kicheko. Shangazi alitabasamu kwa meno tu, na usiku alilala akimhesabia Pasi makosa yake.

Asubuhi ya mkasa wenyewe Pasi alifika stoo akiwa amekunja mikono ya shati, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kipanya au kibodi?"

"Kipanya."

"Cha nani?"

"Changu."

"Chako nimekupa juzi juzi. Umekila?"

Pasi akajaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akavuta boksi akakaa bila kukaribishwa. "Shangazi, nimekwama. Seva mpya ya picha za eksirei. Kadi yake ina porti mbili, na kila moja unaichagulia kwenye draiva iwe ya mtandao gani. Nataka ya kwanza iwe ya mtandao wa kawaida, wa kwenda vyumba vya madaktari. Ya pili iwe ya ule wa kasi, wa kwenda kwenye ghala la picha. Ya pili inakataa. Naichagua, nabonyeza Sawa, nikifungua tena nakuta imejirudisha ilivyokuwa. Draiva nimeifuta nimeiweka upya. Kebo nimebadilisha. Nadhani kadi ni mbovu."

Kadi haikuwa mbovu. Shangazi alijua kabla mwenzake hajamaliza kusema. Kadi za ukoo ule alizizoea tangu kazi yake ya zamani: zikichanganywa mitandao miwili, hukubali kwa namna moja tu, ule wa kasi ukae porti ya kwanza na wa kawaida porti ya pili. Ukizipindua, draiva inakurudisha kimya kimya, hata haikwambii kisa. Ilikuwa ni kubadilisha nafasi za kebo mbili na kuchagua upya, basi.

Na kwa nini Pasi hakufikiria kuzibadilisha? Kwa sababu katika kitengo kile kebo ya bluu, ya mtandao wa kawaida, ilikwenda porti ya kwanza siku zote, na hapakuwa na mjadala. Ilikuwa sheria. Aliyeitunga sheria ni Shangazi mwenyewe, aliyewakaripia vijana wote walioikosea, na Pasi alikaripiwa kuliko wote. Sasa Pasi amekwama kwa kumtii. Jambo hilo lilimfurahisha Shangazi hata akaona aibu kidogo, kisha aibu ikapita.

"Najua tatizo," alisema.

Uso wa Pasi ukafunguka. "Nilijua tu! Twende basi."

"Tutakwenda. Lakini kwanza utamwita mkurugenzi pale kwenye seva, na muuguzi mkuu, na wa eksirei. Mbele yao utasema nani aliizima hospitali siku ile."

Feni ilinung'unika. Pasi alitazama viatu vyake, vilevile kama siku ya kikao.

"Shangazi, usiniombe hilo."

"Sikuombi."

"Kuna mambo huyajui."

"Ninayoyajua yananitosha. Chukua kipanya chako, safari yako isiwe ya bure."

Akaondoka bila kipanya.

Shangazi akajitia kupanga maboksi. Baadaye akatoka kwenda kuchota maji ya kunywa, na njia ya kwenda bombani hupita korido ya eksirei. Mabenchi yalikuwa yamejaa mpaka watu wameketi sakafuni. Mwanamume mmoja alikuwa ameuning'iniza mkono wake kwenye skafu ya mkewe, jasho linamtoka. Mtoto mwenye mguu uliovimba alikuwa analia kilio kile cha kuchoka, kisichotaka tena kubembelezwa. Mama yake aliona kitambulisho shingoni mwa Shangazi.

"Dada yangu, hizo picha zinatoka lini? Mtoto ameshapigwa picha, lakini daktari anasema hazimfikii."

"Muulize mkuu wa kitengo cha kompyuta," Shangazi alijibu, akapita.

Alijua ni ubaya. Mtu asije akamtetea kwamba hakujua. Aliyachota maji yake, akarudi kwa njia ileile, na safari hii hakuangalia upande wa mabenchi. Alijisemea kwamba kila dakika ya kilio kile ni ya Pasi. Aliliamini hilo nusu tu.

Pasi alirudi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, halina hata mkunjo mmoja wa pasi uliobaki.

"Wako chini wanakusubiri," alisema. "Nitasema."

Chumba cha seva kilikuwa chembamba na baridi. Mkurugenzi, daktari mwenye sauti laini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigomba, alisimama karibu na mlango akiwa amejifunika koti. Muuguzi mkuu alikuwa pembeni yake, na fundi wa eksirei nyuma yao, akitazama saa. Shangazi hakumsalimia mtu. Alikwenda nyuma ya seva, akachomoa kebo ya bluu na ile ya njano, ya mtandao wa kasi, akazibadilisha nafasi. Akaketi kwenye kiti cha Pasi, kiti kilichokuwa chake, akafungua draiva na ukurasa wa porti. Ya kwanza, ya kasi. Ya pili, ya kawaida. Kilichobaki ni kubonyeza Sawa. Akakiweka kiganja juu ya kipanya, akageuza kiti.

"Haya, Pasi."

Pasi akasogea mbele. "Siku ile hospitali ilipokwama, aliyebadilisha porti ni mimi. Niliingia kwa nywila ya Shangazi. Yeye hakuhusika kwa lolote."

Muuguzi mkuu akashika kifua. "Pasi! Ni wewe?"

Shangazi alisikia kitu kikishuka kutoka mabegani mwake, kitamu kweli. Alikuwa ameingoja sentensi ile kwa kila boksi alilolipanga. Alitaka irudiwe. Alitaka shemeji yake angekuwepo. Ndipo mkurugenzi akasema, kwa sauti yake ileile laini, kama mtu anayetaka kufunga kikao:

"Haya, hilo lilishakwisha siku ileile uliponiambia. Sasa tushughulikie picha."

Mkurugenzi mwenyewe alichelewa kujua kilichomtoka.

"Alipokwambia?" Shangazi aliuliza.

Pasi ndiye aliyejibu, macho chini. "Nilikwenda ofisini kwake jioni ileile, Shangazi. Nilimwambia yote. Akasema ninyamaze."

"Wakaguzi walitaka jina," mkurugenzi alisema, "na huyu alikuwa bado kwenye majaribio, wangemfukuza palepale. Wewe ulikuwa na miaka yako kazini, hawangekufukuza. Na wewe ni mtu mzima. Nilijua utavumilia."

Utavumilia! Shangazi alilisikia neno hilo likimwingia mwilini kama baridi ya chumba. Muda wote ule alikuwa anamchukia mtu mmoja, na mwingine anapita stoo kila Ijumaa kumsalimia, "Hujambo, Shangazi, stoo inang'aa!" Na yeye akijibu sijambo.

"Nilitaka kukwambia," Pasi alinong'ona. "Naapa nilitaka."

"Jumapili iliyofuata ulikuja kwangu," Shangazi alisema. "Nililia mbele yako. Nikanyanyuka nikakuongezea chakula. Ulikula?"

Pasi akaanza kuishusha mikono ya shati aliyoikunja.

"Nimekuuliza, ulikula?"

"Nilikula."

"Bonyeza basi, Shangazi," mkurugenzi alisema. "Watu wanasubiri."

"Nenda kawaambie wavumilie. Kazi hiyo unaiweza."

Ukuta wa chumba kile ulikuwa mwembamba, na kilio cha mtoto wa mguu kilipita wazi. Shangazi alikisikiliza. Angeweza kunyanyuka na kuwaachia, na alitamani kufanya hivyo. Mwisho alibonyeza, kwa ajili ya mtoto yule tu, na alilisema hilo kwa mdomo ili wale wawili wasije wakajidanganya. Kadi ikajizima, ikajiwasha, taa za porti zote mbili zikawaka kijani. Fundi wa eksirei akachungulia simu yake, akapiga kelele kwamba picha zinaingia, akatoka mbio, muuguzi mkuu nyuma yake.

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Umetuokoa. Kesho rudi kwenye kiti chako, nitaandika barua leo hii. Pasi tutamtafutia pa kwenda."

Shangazi aliigusa mikono ya kile kiti. Alikitaka. Alikuwa amekiota mpaka akaona aibu. Lakini angekikalia, mambo yangekwisha, na wale wawili wangelala usingizi mzuri, mmoja akijiona ametubu na mwingine akijiona ametenda haki. Akanyanyuka.

"Kiti akae Pasi. Mimi narudi stoo."

"Shangazi, usifanye hasira."

"Mkikwama, mtakuja. Si mmoja, wote wawili. Na kabla sijanyanyuka mtanieleza upya, tangu mwanzo, nani alifanya nini, na nani aliambiwa akanyamaza."

Mkurugenzi alicheka kidogo, akidhani ni maneno ya uchungu tu yatakayopoa.

Hayakupoa. Mumewe alimwambia amekitupa kiti kwa ukaidi wake mwenyewe. Alimjibu ale, chakula kinapoa. Shemeji akasimuliwa kisa chote, akaomba radhi, na mzaha wa swichi ukafa. Hata hivyo Shangazi asubuhi alifungua kufuli la stoo kama kawaida, akawasha feni, akangoja.

Seva ya chumba cha upasuaji ilipobadilishwa, ilikuja na kadi nyingine, ya ukoo mwingine, na Pasi alihangaika nayo mpaka madaktari wa upasuaji wakaanza kupandisha sauti. Alifika stoo peke yake. Shangazi hakuinua kichwa. Pasi akaenda, akarudi, na safari hiyo mkurugenzi alikuwa nyuma yake, koti mkononi, akitazama kama kuna mtu koridoni.

Shangazi akawasogezea maboksi mawili wakae. Akaizima feni, asipitwe na neno hata moja.

"Haya," alisema. "Mkurugenzi, anza wewe."