Sababu ya Kupanda Mlima

Tangu waasi waanze kuonekana mlimani, hapa Uvira hakuna anayepanda bila karatasi ya ofisi. Juma lililopita nilipanga foleni nyuma ya mwalimu mmoja ambaye alikuwa hajawahi kupanda mlima wowote. Alikuwa amejiandaa kweli: viatu vipya, kofia, chupa ya maji, na fimbo aliyoichonga mwenyewe.

"Sababu ya safari?" karani akauliza.

"Kutembea tu. Nataka kuliona ziwa kutoka juu."

Karani akaweka kalamu chini. "Mwalimu, kutembea haiko sababu. Iko biashara, iko ugonjwa, iko kilio. Chagua."

Mwalimu akatazama viatu vyake. Anayepanda bila sababu, askari wa kizuizi cha njiani humhesabu mwasi.

Ndipo mama mmoja wa mlimani, aliyeshuka kuuza maharagwe, akasukuma mfuko wake wa chumvi mpaka mbele ya karani.

"Andika anapeleka chumvi. Miye iko nayo, hii hapa. Weye mwalimu, utabeba."

Muhuri ukagongwa.

"Ni mbali, mama?"

Mama akauonyesha mlima kwa midomo. "Hapa tu."

Jumapili niliwaona njiani. Mwalimu alikuwa amejitwika chumvi, jasho likimtiririka, na ziwa lote liko nyuma ya mgongo wake. Mama alimfuata polepole, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Tangu uhuru, kila mkutano tunaambiwa kwamba sasa tunapanda. Nami napiga makofi kama wengine, kisha nachungulia kuona chumvi kabebeshwa nani.