Pikipiki Katika Chumba cha Tende

Kwetu Izki pikipiki hailali wakati wa baridi. Hulala wakati wa joto. Lami inapong'aa kama iliyomwagiwa mafuta, na upepo wa barabarani ukawa ule wa mlango wa tanuri, hata kijana mwenye wazimu wa safari kama mimi hushuka akasalimu amri. Mwaka huo niliilaza yangu kwa bibi, mama yake baba, ndani ya chumba cha tende. Ndicho chumba chenye ubaridi kuliko vyote katika nyumba ile kongwe: kuta nene za udongo, sakafu yenye vijifereji vya kupitisha asali inayochuruzika tende zinapokandamizana magunia kwa magunia. Niliifunika shuka, nikalipapasa tangi kama shingo ya farasi, nikarudi Nizwa kazini.

Hewa ilipoanza kupoa nikaja kuichukua, siku ya Ijumaa asubuhi. Nikamkuta baba ameshatoa hukumu yake. Alikuwa haipendi pikipiki ile tangu siku ya kwanza; nikienda nayo Sur, yeye alikuwa halali mpaka nimpigie kusema nimefika.

"Ikiwaka kabla ya adhana ya Ijumaa, ni yako, wala hutanisikia tena," alisema. "Isipowaka, nampa jirani akabebee majani ya mbuzi."

Nikaisukuma hadi uani. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, mpaka jasho likanitiririka mgongoni. Bibi alikuwa amekaa mkekani na birika lake la kahawa, ananitazama kama anayetazama ngoma.

"Mjukuu wangu, mnyama wako kafa."

"Hajafa, Bibi. Kalala."

"Basi kalala kama marehemu babu yako akishiba biriani."

Taa ya mbele iliwaka, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikamwaga petroli ya zamani, iliyokwisha kunuka kama rangi ya mbao, nikatia mpya. Kimya. Nikafungua plagi, nikaisugua kwa msasa, nikaigusisha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki nione cheche. Hata ya kuwashia ubani haikutoka.

Baba akaingia, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawasawa, ananukia udi. "Mimi sisaidii," alisema. "Natazama tu."

Akatazama. Kisha akachutama. Punde nikaona mikono ya kanzu imekunjwa na bisibisi iko mkononi mwake. Kaka yangu alipiga honi nje akituita twende msikitini, naye baba akapaza sauti, "Tangulia na gari! Tunakuja!" Halafu akanigeukia: "Lakini sisaidii."

Yeye ndiye aliyewaona sisimizi. Walikuwa wanapanda tairi la mbele kwa mstari, wanafuata uma wa gurudumu hadi kwenye usukani, na kutokomea ndani ya kiboksi cha swichi nyekundu, ile ya kuzimia injini.

"Hawa wanafuata nini humu?"

Akapitisha kidole kwenye ufa wa swichi, akakionja.

"Asali ya tende. Za khunaizi," akasema.

"Khunaizi wapi!" Bibi akadakia kutoka mkekani. "Hiyo fardh. Mimi mwenyewe nimeliweka lile gunia."

Tukamgeukia sote wawili.

"Mama, umeliweka wapi?"

"Si hapo hapo juu! Magunia yamejaa chini, na hicho chombo kimesimama bure mwezi na mwezi. Nikaliegemeza gunia moja kwenye mapembe yake. Likavuja kidogo. Mbona niliifuta vizuri kwa kitambaa, haikubaki hata alama?"

"Nje haikubaki, Mama," baba alisema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Ndani umeipikia halua."

Tukafungua kiboksi. Asali ilikuwa imeganda nyeusi kati ya vile vipande viwili vya shaba, na umeme ulikuwa haupiti. Bibi akaleta maji ya moto na mswaki mpya, akataka kusugua mwenyewe, tukamkatalia, akasugua hivyo hivyo. Baba akapuliza. Mimi nikafuta, nikapuliza, nikafuta tena, huku jua likipanda na baba akitazama saa kuliko nilivyoitazama mimi. Nikajaribu plagi: cheche ya buluu, ndogo, nzuri. Nikairudisha mahali pake, nikapiga kiki.

Ikakohoa. Ikakohoa tena, kisha ikanguruma, kuku wa jirani wakaruka ukuta, na Bibi akapiga kigelegele cha harusi. Ngurumo ilikuwa haijatulia bado muadhini alipoanza.

Baba alinawa mikono. Kisha akatoka barabarani, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na gari.

"Panda, shekhe," Bibi akamwambia. "Au utawahi kwa miguu?"

Nikamvalisha helmeti yangu juu ya kofia. Akakusanya kanzu magotini, akakaa nyuma yangu, akanishika kiuno kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nilikwenda taratibu kando ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba, chini ya kivuli cha mitende, nikimsikia anavuta uradi mgongoni pangu. Kwenye kona ya pili uradi ukapungua. Kwenye ya tatu mkono mmoja ukaachia.

Mlangoni pa msikiti alishuka, akanikabidhi helmeti, akanyoosha kanzu. "Nitarudi na kaka yako kwa gari," akasema. Akavua viatu, akapanda ngazi moja, akageuka.

"Au unisubiri."