Arlene Wojta na Ubishi wa Ijumaa

Arlene Wojta huwa hali samaki wake akiwa wa moto. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye ninayemkaangia. Kila Ijumaa jioni huja hapa baa ya Vern, huagiza samaki na chapati za viazi, hulalamika kwamba nimechelewa, na sahani ikifika huisukuma pembeni ili apate nafasi ya kugonga meza. Kisha ubishi unaanza.

Mada ni moja, na ni ya zamani. Katika timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kwotabeki yupi alicheza msimu bora kuliko wote? Hapa Wisconsin yule anayepokea mpira nyuma ya safu na kuamua aurushie nani anapendwa kuliko gavana, na akikosea anatukanwa kuliko gavana. Arlene ni mtu wa Rollie Vandersteen, aliyetuletea ubingwa. Mumewe, Harlan, alikuwa mtu wa Dale Hruska, aliyerusha pasi za mabao mpaka watu wakachoka kushangilia, halafu Januari akatolewa na timu ya Chicago kwenye mechi ya kwanza ya mtoano.

Harlan hakuwa msemaji. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi, kwenye mashine ambazo ukiwa karibu nazo unaongea kwa mikono, na alipostaafu aliendelea vivyo hivyo. Ungeweza kukaa naye kutwa nzima kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, naye akakuambia "mh" na kukupa kahawa. Lakini ukimtaja Hruska, mzee yule alikuwa anasimama. Anapanda sauti, anavua kofia, anaita watu mashahidi.

"Huyo Vandersteen wako alikuwa amebebwa!" alikuwa akimwambia mkewe mbele ya baa nzima. "Alibebwa na wale waliomlinda asiangushwe, kama mtoto mgongoni!"

"Na Hruska wako alibeba nini? Mizigo ya kurudia nyumbani Januari?"

Sisi wengine tulikuwa tunacheka mpaka tunasahau kuagiza. Kisha wale wawili walikuwa wanatoka kimya mpaka kwenye gari lao, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi.

Harlan alifariki Septemba, msimu ukiwa ndio kwanza unaanza. Tulimzika akiwa amevaa jaketi la timu, na Ijumaa iliyofuata Arlene akaja peke yake, akakaa pale pale, akasukuma sahani pembeni.

"Vandersteen," alisema. "Msimu bora kuliko wote. Nani anabisha?"

Vern, mwenye baa, alianza kufuta glasi iliyokwisha kufutwa. Gerald Pankratz, ambaye miaka yote alikuwa upande wa Harlan na alikuwa na mdomo mrefu kuliko baa yenyewe, akaangalia viatu vyake.

"Kweli kabisa, Arlene," akasema. "Unajua, nimefikiria. Uko sahihi."

"Niko sahihi?"

"Uko sahihi, mama."

Watu wa huku ndivyo walivyo. Wana adabu ya kukera. Ukifiwa watakuletea sufuria za tambi na jibini mpaka friji ishindwe kufungwa, watakuondolea theluji mlangoni kabla hujaamka, na watakubaliana na kila neno lako. Hawajui kwamba mtu anaweza kuuawa kwa kukubaliwa. Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Arlene anatupa neno, wao wanatikisa vichwa. Nikaanza kuona sahani yake inarudi jikoni tupu. Mara ya kwanza katika maisha yangu, mwanamke yule alikuwa anakula samaki wangu wa moto, na moyo uliniuma.

Mwanzoni mwa Desemba alikuja kwenye dirisha la jikoni, akaegemea.

"Sudi, binti yangu anataka nihamie kwake Arizona. Krismasi ikipita, naenda."

"Arizona kuna nini?"

"Jua. Na watu wasionijua. Labda huko atapatikana mwenye roho ya kunibishia."

Nilitoka nikawakabili wale mabwana wakubwa. Niliwaambia wazi kwamba wanamfukuza mama wa watu kwa upole wao. Gerald alishtuka kama nimemwomba aibe kanisani.

"Nibishane na mjane? Harlan hata kaburi halijakauka!"

"Ardhi imeganda, Gerald. Halitakauka mpaka Aprili."

"Hapana, bwana. Mimi sikulelewa hivyo."

Nikarudi kwenye mafuta yangu nimevimba kwa hasira.

Ijumaa iliyofuata Arlene alikuja amevaa kofia ya Harlan. Akakaa, akaivua, akaiweka mezani.

"Nimebadilisha mawazo," alisema. "Hruska. Msimu bora kuliko wote alicheza Hruska."

Gerald aligeuka kuwatazama wenzake. Niliiona shida yake, maskini: kwa mara ya kwanza alikuwa anakubaliana naye kweli, na hakujua afanyeje.

"Kweli kabisa, Arlene," akasema mwishowe.

Niliuona uso wa mama yule ukisawajika. Akaivuta sahani karibu, akachukua uma. Hapo ndipo nilipoacha samaki kwenye mafuta, nikatoka na unga umenijaa mpaka kwenye viwiko.

"Hruska?" nikafoka. "Hruska yupi? Yule aliyetolewa Januari akaenda kucheza gofu?"

Arlene aliinua kichwa polepole.

"Umesemaje, wewe mpishi?"

"Nimesema Vandersteen ana pete ya ubingwa kidoleni. Hruska ana nini? Ana takwimu! Takwimu huvai kidoleni!"

"Sudi," Vern akanong'ona, "acha, bwana."

"Mwache!" Arlene akagonga meza, uma ukaruka. "Hayo maneno ni yangu, mwizi mkubwa we. Nimeyasema miaka yote na hata mimi nilikuwa siyaamini. Pete ni ya timu nzima. Mimi nazungumzia mtu!"

"Mtu aliyeogopa mechi kubwa!"

"Aliogopa? Hruska?" Akasimama, kama alivyokuwa akisimama Harlan. "Nyie hamjui kitu. Mimi nilikuwa dobi. Jezi zao zilikuwa zinakuja kwetu kila Jumatatu. Jezi ya Vandersteen ungeweza kuikunja ukairudisha bila kuifua, mpaka Desemba inanukia sabuni ile ile. Hakuna aliyemgusa! Ya Hruska nilikuwa nailoweka siku mbili. Majani, tope, damu kwenye kola. Kila wiki, msimu mzima. Alikuwa anaangushwa, anainuka, anarusha pasi ya bao, anaangushwa tena. Mtu huyo hakubebwa na yeyote!"

Hakuna aliyetikisa kichwa safari hii. Gerald alikuwa amekodoa macho.

"Arlene," akasema, "hiyo ndiyo hoja iliyokuwa inatupiga chenga miaka yote. Harlan alikuwa anaijua?"

"Una wazimu? Nimpe hoja ya kunishinda?"

Watu wakacheka, kicheko cha zamani, cha kugonga meza. Naye akacheka nao kidogo, kisha akakaa, akaigeuza ile kofia mikononi.

"Angeshinda siku hiyo hiyo," akasema. "Na baada ya hapo angeniambia nini? Mnamjua Harlan. Angerudi kwenye 'mh' yake. Nilikuwa naipenda sauti yake, na sikuwa na njia nyingine ya kuisikia."

Nilisikia harufu ya kuungua ikitoka jikoni, wala sikwenda. Gerald alijipangusa macho kwa leso ya karatasi, akakohoa, akavuta kiti chake mpaka mezani kwa Arlene.

"Sikiliza, Arlene," akasema. "Jezi kuwa chafu siyo hoja. Kwotabeki mwenye akili hakai na mpira mpaka akaangushwa. Anautoa mapema. Hruska wako alikuwa mzito."

Machozi yalikuwa yanamshuka Arlene waziwazi.

"Mzito?" akauliza. "Wewe Gerald, unayehitaji watu wawili kukutoa kwenye gari, ndiye wa kumwita mtu mzito?"

Nikarudi jikoni kutupa samaki walioungua. Kelele zilinifuata mpaka huko. Simu ya Arlene ilipoita, aliipokea huku kaziba sikio la pili kwa kidole, na nilimsikia kupitia dirishani.

"Hapana, mwanangu, sasa hivi siwezi," alikuwa anamwambia binti yake. "Hata baada ya Krismasi siwezi. Nina ubishi na watu huku."

Sahani yake ilirudi kwangu baadaye, imepoa, haijaguswa.