Funda la Kwanza la Mjomba Elia

Mpaka leo, nikipita mlango wa baa asubuhi katika mji wowote, harufu ya bia iliyolala kwenye zulia hunichafua roho. Nilikutana nayo siku niliyofika Toronto kutoka Moshi, mtoto mwenye meno ya mbele makubwa, baada ya ndege tatu na basi lililoonekana halitafika kamwe Scarborough, kitongoji cha jiji hilo. Mjomba Elia, kaka wa mama, alikuwa mhudumu wa baa ya kona, na chumba chetu kilikuwa juu yake. Nilitapika pale pale mlangoni.

"Umeshaizindua baa," Mjomba akacheka.

Mwenye baa wakati huo alikuwa Dermot, mzee wa Kiairishi. Alikausha glasi kwa kitambaa kile kile alichomfutia mbwa wake udenda. Zulia lilikuwa likinasa soli za viatu. Wastaafu waliokunywa pale walimpenda sana.

Dermot alipougua, Mjomba akaichukua baa na kutia humo kila alichokuwa nacho. Aling'oa zulia, akachemsha glasi zote. Siku ya kufungua alivaa koti la harusi yake. Wazee wote walikuja. Glasi ya kwanza ilikuwa ya Ken, fundi bomba mstaafu, mkubwa wao kwa umri. Mjomba akafanya kama mwenye nyumba wa kwetu anavyofanya kwa kata, kibuyu cha kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi: akapiga funda kwanza, akapangusa ukingo kwa kidole gumba, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Ken akalitazama lile povu kana kwamba lina mende.

"Elia, umeninywea bia yangu?"

"Nimekuonjea, mzee wangu. Mwenye nyumba huanza."

"Basi imalize. Nimekuja kunywa bia, si mate yako."

"Afadhali mbwa wa Dermot!" mwingine akadakia, na kaunta nzima ikaangua kicheko. Kisha wakachukua makoti yao, mmoja mmoja.

Hawakurudi. Kabla theluji haijayeyuka baa ilifungwa, pakawa duka la simu, baadaye pakabomolewa. Mimi nami nilikuwa nimeona kinyaa, tena kikubwa. Nilitangatanga miji mingi ndipo nikaelewa kwamba lile funda lilikuwa kiapo: kama kuna sumu, ianze na mimi.

Lakini kabla sijayaelewa hayo, siku nilipoondoka Toronto nisirudi tena, Mjomba alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye ghala moja huko Malton, pembeni mwa jiji. Alinimiminia bia kwenye kikombe cha chai, akaonja, kisha akashtuka na kuanza kupangusa ukingo kwa shati lake.

Nilikichukua kabla hajamaliza kupangusa.